Kikombe Kidogo, Kila Baada ya Saa Mbili

Nesi alipima maziwa kwenye kikombe cha plastiki chenye mistari, akakiinua usawa wa macho, akapunguza tone lililozidi, kisha akamkabidhi mdogo wangu. Mililita 70. Chukua kikombe cha kahawa ya barazani, kile kidogo kisicho na mkono: maziwa yale yangekijaza na kubaki kidogo. Mpwa wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, uzito wake kilo 6.2, na utepe uliozungushwa mkononi mwake, juu ya kiwiko, ulisoma sentimita 10.9. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha saa mbili zote.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na hotpoti. Niliamka saa kumi alfajiri nikachemsha kuku wa kienyeji, nikaponda ndizi na viazi, nikamiminia na supu, nikapanda daladala mbili kutoka Mbagala nikiwa nimeipakata kama mtoto mwingine. Mama mkubwa nakwenda kumwokoa mwanangu.

"Mama, hiyo mpe mama yake ale, naye anahitaji nguvu," nesi aliniambia, bila ukali. "Mtoto siku yake ya kula hivyo bado."

Niliondoka pale na hasira ya mtu aliyeshuhudia mtoto akinyimwa chakula. Ilinichukua siku kadhaa za kuuliza maswali, na baadaye miezi ya kusoma na kuzungumza na watu wa lishe, kuelewa kwamba nesi yule alikuwa akimkinga mpwa wangu na hotpoti yangu. Naandika haya kwa ajili ya kila shangazi, kila bibi na kila baba anayejiandaa kesho asubuhi kufanya kosa nililotaka kulifanya mimi kwa mapenzi.

Mwili uliokosa chakula kwa wiki nyingi ni mwili mwingine. Ili uendelee kuishi, unafunga milango. Moyo unapungua ukubwa na kupiga polepole. Figo hazitoi tena chumvi inavyotakiwa. Ukuta wa utumbo unakuwa mwembamba, na chakula ambacho mtoto mzima angekisaga kwa urahisi kinapita na kuwa kuhara kupya. Hata ndani ya seli zenyewe, pampu ndogondogo ambazo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani zinapunguza kasi ili kuokoa nishati. Sodiamu inajaa mwilini, potasiamu inapotea kwa mkojo na kinyesi. Kwa nje unaona mtoto aliyekonda tu, na unafikiri dawa yake ni sahani kubwa.

Sasa mpe sahani hiyo kubwa ghafla. Sukari inapanda kwenye damu, mwili unamwaga insulini, na insulini inapoiingiza sukari ndani ya seli inaondoka pia na fosfeti, potasiamu na magnesiamu, madini ambayo yalikuwa yamebaki kidogo sana kwenye damu. Moyo hauwezi kupiga sawasawa bila madini hayo. Wakati huohuo maji na chumvi vinaongeza damu ambayo moyo ule mdogo unatakiwa kuisukuma. Mtoto anaweza kufariki akiwa ameshiba.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Aprili 1945, askari wa Uingereza walipoingia katika kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani, waliwakuta wafungwa waliobaki mifupa na ngozi. Wakawagawia chakula chao wenyewe cha kijeshi, cha makopo, chenye mafuta na nyama. Walitoa kwa huruma. Wengi waliokila walikufa. Na bado, miaka mingi baada ya hapo, katika wodi nyingi za nchi maskini, watoto 20 hadi 30 katika kila 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali waliendelea kufa, na baadhi yao waliuawa na tiba yenyewe: chakula kingi mapema, protini nyingi mapema, dripu isiyohitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ndio uliopanga hatua kwa hatua kile ambacho nesi wetu alikuwa anakifanya na kikombe chake.

Maziwa yale huitwa F-75, kwa sababu kila mililita 100 ina kilokalori 75. Protini yake haifiki gramu moja katika mililita hizo 100. Hayanenepeshi, wala hayakutengenezwa yanenepeshe. Kazi yake ni kumtuliza mtoto: kumpa sukari isishuke, kumrudishia potasiamu na magnesiamu taratibu, kuuacha moyo na figo vishike pumzi. Katika siku hizo uzito unaweza usipande hata gramu, na kwa mtoto mwenye uvimbe unashuka kwanza maji yakitoka. Mzazi asiyeelezwa haya anaona hospitali haifanyi kitu.

Mdogo wangu alilalamika hivyo. "Dada, hata dripu hawajamtundikia." Kwetu dripu ndiyo dalili ya kuhudumiwa, mgonjwa asiye na chupa juu ya kichwa chake tunahesabu ametelekezwa. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali dripu huwekwa akiwa kwenye mshtuko, amepoa mikono na miguu na fahamu zinamtoka, na hata hapo kwa uangalizi wa karibu, kwa sababu maji yakizidi yanaishia kwenye mapafu. Niliuliza pia mbona hapewi dawa ya kuongeza damu na viganja vyake vimepauka. Nikaambiwa madini ya chuma yakitolewa siku za kwanza yanaweza kuyapa nguvu maambukizi, yasubiri. Antibayotiki, kwa upande mwingine, alipewa tangu saa ya kwanza ingawa hakuwa na homa. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mtoto aliyedhoofika kiasi kile anaweza kuwa na nimonia na mwili wake ukakosa hata nguvu ya kupandisha joto. Hapo baridi ndiyo inayotisha. Alivalishwa kofia, akafunikwa, akalazwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, na saa nane za usiku, wodi nzima ikiwa kimya, aliamshwa anywe. Sukari inashuka usiku. Mlo wa usiku ukirukwa, asubuhi unaweza usimkute.

Lakini kilo 6.2 haziji kwa usiku mmoja. Kabla ya hospitali kulikuwa na wiki sita, na katika wiki hizo kulikuwa na neno.

Uswahilini kwetu mtoto akikonda neno linakuwa limeshamsubiri mlangoni: kabemendwa. Asiyelijua aelewe hivi. Inasemekana mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, au baba akitoka, au wakirudiana mapema kabla mtoto hajakua, au mimba nyingine ikiingia, maziwa yanaharibika na mtoto ananyauka. Mpwa wangu alianza kwa kuharisha, kuhara kwa kawaida kwa msimu wa mvua, siku nne tano. Kukapoa, kukarudi. Hamu ya kula ikaondoka. Mama mkwe wa mdogo wangu alilitamka neno lile jikoni, kwa sauti ya chini, mara moja tu, na likatosha.

Nataka msomaji aone lilichofanya. Kwanza, mdogo wangu aliacha kunyonyesha, ghafla, kwa kuamini maziwa yake ndiyo sumu. Kwa hiyo mtoto anayeharisha akanyang'anywa kile chakula kimoja ambacho kilikuwa safi, cha bure na kinachomkaa tumboni. Pili, aliacha kwenda kliniki. Kliniki mtoto huvuliwa nguo akaning'inizwa kwenye mizani mbele ya wanawake hamsini, na yeye alijua watakaloliwaza. Kadi ikaruka miezi miwili. Tatu, alianza kumfunika mtoto khanga hata wakati wa jua kali. Mimi dada yake wa tumbo moja nilikwenda pale mara mbili nisimwone mwili. Nne, mtoto alipelekwa kuogeshwa dawa. Mara tatu. Alipozidiwa ndipo baba yake alipombeba kumpeleka hospitali bila kuuliza mtu.

Sisemi wazee hawakuona kitu. Waliona kwa makini sana. Waliona kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, mimba ya pili ikiwa njiani, ndiye anayekonda na kufa. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alichapisha makala kuhusu ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na kubabuka ngozi, na badala ya kuutungia jina la Kilatini alichukua lile alilolisikia kwa akina mama wa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Sisi tukalifanya kwashakoo. Angalia tofauti ya maneno haya mawili. Wanawake wa Accra walikuwa wakieleza kilichompata mtoto. Letu linauliza mama amefanya nini. La kwanza lilimfikisha daktari kwenye jibu, na letu lilimfanya mdogo wangu amfiche mwanawe kwa wiki sita.

Kuna mahali hapa Tanzania ambapo aibu hiyo iliwahi kuondolewa, na mama yetu mzazi alikuwepo. Kati ya 1983 na 1988, mradi wa lishe wa Iringa, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulipima watoto wa vijiji 168. Siku ya kupima ilikuwa siku ya kijiji. Majibu yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, wanaume wakakaa na kuulizana: kwa nini watoto hawa wameshuka? Mama analima mbali, nani anawalisha mchana? Uzito wa mtoto ukawa jambo la wote, kama barabara au kisima, na idadi ya watoto wenye uzito wa chini sana ikashuka kwa kiasi kikubwa. Mama anasema hakukumbuki kupimwa kwangu kama siku ya aibu. Anakumbuka uji.

Nitafika kwenye uji wa mama. Kwanza turudi wodini.

Siku ya nne mpwa wangu alilia akitaka zaidi. Hadi hapo kilio chake kilikuwa kama cha paka mchanga, hakina machozi wala pumzi. Safari hii alimaliza kikombe, akakishika kwa vidole vyake, akakivuta. Nesi akacheka, akaandika kwenye chati. Kurudi kwa hamu ya kula ndiyo ishara wanayoingojea kuliko namba yoyote ya mizani, maana mtoto anapoomba chakula ni mwili unaosema mambo ya ndani yameanza kukaa sawa. Hata hapo hawakumwachia. Kwa siku mbili tatu alibadilishiwa chakula polepole, huku wakimhesabia pumzi na mapigo ya moyo kuona kama vinapanda. Ndipo akajaribiwa chakula dawa.

Chakula dawa ni ule ujiuji mzito wa karanga kwenye pakiti. Kilibuniwa Ufaransa katikati ya miaka ya 1990 na daktari André Briend na mtaalamu wa vyakula Michel Lescanne: karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Hakihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, na hapo ndipo ulipo ufundi wake, kwa sababu kwenye maji machafu ndiko kuhara kunakozaliwa. Mtoto asiye na homa kali, asiye na tatizo jingine na anayekila kwa hamu anaweza kutibiwa nyumbani. Kinachoamua ni mtoto mwenyewe: anapewa pakiti mbele ya mhudumu, na anaachwa ale. Mpwa wangu alipakwa kidole kimoja, akaramba, akatulia kidogo kama anayewaza, kisha akaishika pakiti kwa mikono yote miwili na kuiingiza mdomoni.

Alitoka siku ya tisa akiwa na kilo 6.4 na mgao wa pakiti mbili na nusu kwa siku. Masharti aliyopewa mdogo wangu nayarudia kwa sababu yanavunjwa kila siku. Ni dawa ya mtoto huyu, si ya kugawana na kaka zake, hata kama wanalia. Ukiwagawia wote hakuna anayepona. Ziwa kwanza, pakiti baadaye (ndiyo, maziwa yalirudi, alipewa mtoto anyonye kila kabla ya kikombe, na baada ya siku kadhaa yakaja). Maji safi ya kunywa pembeni, maana chakula hiki kinaleta kiu. Mikono kwa sabuni. Kila wiki kliniki.

Watoto wengi wanaokonda baada ya ugonjwa hawafiki huko, na nashukuru. Ni yule aliyetoka malaria au surua au kuhara, amepungua nusu kilo, suruali inamdondoka, mama yake hana raha. Kwa huyu jambo la kwanza ni kujua amesimama wapi. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, nenda kituo cha afya leo. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, anahitaji kufuatiliwa; zaidi ya hapo ni kijani. Halafu kandamiza kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde kadhaa. Kikiacha shimo, hata kama mtoto anaonekana mnene na mashavu yamejaa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mtoto aliyevimba hivyo huwadanganya wengi kwa mashavu yale.

Akiwa hayupo kwenye hatari hiyo, nyumbani kuna kazi. Mtoto aliyeharisha na apewe zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 akiwa amepita miezi sita, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu. Wengi huacha hapo. Asinyimwe chakula kwa kisingizio cha kupumzisha tumbo. Na kuanzia siku hamu inaporudi, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili angalau, juu ya ile aliyozoea. Dirisha hili ni fupi. Mwili uliotoka kuugua una njaa ya kufidia, na unaweza kukua kwa kasi ambayo hutaiona tena. Katika wodi ya lishe mtoto anayefidia vizuri huongezeka zaidi ya gramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Lakini dirisha likipita na malaria nyingine ikaingia, mtoto anaanza ugonjwa wa pili kabla hajalipa deni la kwanza. Hivyo ndivyo udumavu unavyojengwa, kidogokidogo, katika nyumba ambazo chakula kipo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolisha wengine, ni miongoni mwa ile inayoumia zaidi. Chakula kuwepo shambani hakumaanishi kimefika tumboni mwa mtoto.

Kinakwamia wapi? Mara nyingi kwenye kikombe cha uji. Chukua unga gramu 10, kama vijiko viwili vya chai vilivyojaa, pika na maji kikombe kimoja cha mililita 200. Unapata uji mwembamba unaonyweka, na ndani yake kuna kilokalori 35 hivi. Tumbo la mtoto wa kilo saba limejaa kwa kikombe hicho. Hana pa kuweka kingine. Amekunywa, amecheua, amelala, na mama ana haki ya kusema amekula. Ukitia unga gramu 40 kwenye maji yaleyale unapata kilokalori 140, mara nne, ila umepata kitu kizito ambacho mtoto dhaifu hawezi kukimeza na kijiko kinasimama wima katikati.

Mama yetu alikuja kutoka Iringa wiki ya pili na mfuko wa ulezi. Hakumwambia mtu anachotaka kufanya. Aliuosha, akauloweka usiku kucha, akautandaza juu ya kitambaa kibichi ndani ya ungo, akaufunika na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu ulikuwa umeota vimizizi vyeupe kama nyuzi. Akauanika juani mpaka ukakauka kabisa, akaufikicha mizizi ikatoka, akaupepeta, akausaga. Mwenye nyumba wa mdogo wangu alipoona ungo ule aliuliza kama bibi anatengeneza komoni. Ndiyo ukweli, ni kimea kilekile cha pombe, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kukiona si kitu cha mtoto.

Kisha akapika uji mzito mbele yetu. Kijiko kilisimama. Akauacha upoe mpaka ukawa wa moto wa kuvumilika, si wa kuchemka, akatia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, akaanza kukoroga. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya tatu kijiko kikaanza kuinama. Kufikia dakika kumi uji ulikuwa unatiririka kutoka kijikoni kama maziwa mala, na hakuna aliyeongeza hata tone la maji. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga, ili chipukizi lipate chakula. Ukikitia kwenye uji kinafanya kazi hiyohiyo kwenye sufuria. Unga wote umo, ila sasa mtoto anaweza kuunywa. Mwisho akaurudisha jikoni ukachemka tena, kwa sababu kimea kimekaa kwenye unyevu siku tatu na hakikupikwa. Hatua hiyo isirukwe. Ukitumia mtama badala ya ulezi, mizizi na machipukizi lazima yaondolewe yote, yana sumu.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihimiza kimea hiki katika miaka ya 1980. Sielewi tulikiachaje. Leo tunanunua unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya na karanga, tukiamini mchanganyiko ukiwa mrefu ndivyo ulivyo bora, halafu tunaukoroga mwembamba uleule. Nafaka tano ni wanga uleule mara tano. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachokosekana ni mafuta, kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli kinaongeza kilokalori 40, na ni dagaa waliosagwa, yai, maziwa, maharage yaliyopondwa. Na karanga zichaguliwe moja moja. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo zinaishika sana. Punje iliyokunjamana au yenye ukungu haioshwi wala haikaangwi ikawa salama, inatupwa.

Jambo jingine ni namna ya kulisha, na hapa nasema kwa uzito. Nimewaona watu wazima wenye mapenzi wakimlaza mtoto mapajani, wakimbana pua na kummiminia uji kwa kiganja. Uji unakwenda mapafuni. Mtoto anayepona akilishwa hivyo anapata nimonia mpya, na zaidi ya hapo anajifunza kwamba kijiko ni adui. Mkalishe. Mpe sahani yake, asishindane na kaka zake kwenye sinia, maana mgonjwa hula polepole na sinia halimsubiri. Mtazame, msemeshe, ngoja. Akigeuza uso, pumzika, jaribu tena baada ya muda. Soda, juisi ya pakiti na chai ya rangi kabla ya chakula vinamjaza bure, na chai inazuia madini ya chuma. Chupa ya kunyonya ni nyumba ya vijidudu, kikombe kinaosheka.

Na kama anakula yote haya wiki mbili tatu na mstari kwenye kadi haupandi, usiongeze tu chakula. Rudi kituoni wamtafute adui mwingine: kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, maambukizi ya mkojo, minyoo, tatizo la moyo. Akikataa kunyonya au kula kabisa, akilegea, akitapika kila kitu, akipumua haraka, akivimba miguu, usingoje kupambazuke.

Wiki ya nane nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Mama mkwe wake alikuja pia, amebeba mkoba wa nepi, na tulikaa kwenye benchi watatu tukisubiri. Kuhusu lile neno hakuna aliyesema kitu. Mtoto alipoitwa, bibi ndiye aliyesimama, akamvua khanga mwenyewe, mbele ya benchi zote, na kumvalisha ile suruali ya mizani. Alipoachiwa aning'inie alipiga kelele. Alitupa miguu, akajipinda, machozi yakamtiririka mpaka shingoni, na mshale wa mizani ukawa unaruka huku na huku nesi asiweze kuusoma.

"Mshikeni atulie," nesi akasema. "Hebu mshikeni."

Ilichukua dakika mbili. Kilo 8.